Video za masomo zikikwama, tuchunguze kabla ya kulaumu

Jumamosi moja jioni mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa shule ya upili, aliketi sebuleni mwangu na kishikwambi mapajani ili atazame somo la baiolojia kuhusu mzunguko wa damu. Alikuwa na mtihani Jumatatu. Kwa dakika mbili mwalimu wa kwenye video alifundisha vizuri. Mara akasimama kinywa wazi, na pale usoni pake kukatokea kile kiduara kizungukacho bila kufika popote. Tulisubiri. Mwalimu akasema maneno matatu, akasimama tena. "Mjomba, imekwama tena," alilalama kijana. "Hawa watu wa mtandao wanatuibia tu."

Nakiri kwamba nilikubaliana naye papo hapo. Nilitoa simu mfukoni nikaanza kuandaa maneno makali ya kuwatumia wahudumu wa kampuni inayotuletea intaneti nyumbani. Nashukuru kwamba sikuyatuma. Baada ya saa nzima ya kuchunguza, tuligundua kwamba kampuni ile haikuwa na hatia yoyote jioni hiyo. Mkosaji alikuwa karibu nasi kuliko tulivyodhani, na nitamtaja kwa wakati wake.

Huenda msomaji akauliza kama jambo dogo kama hili lastahili nafasi gazetini. Kwa maoni yangu, lastahili. Machi 2020, shule zilipofungwa kote nchini kwa sababu ya janga la corona, masomo ya video yaliacha kuwa anasa ya wachache. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, ilipeperusha vipindi redioni, katika runinga na katika YouTube, na wanafunzi waliokuwa nyumbani wakatakiwa kuvifuata. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, lakini mazoea hayo hayakukoma. Leo mwalimu huwaagiza wanafunzi watazame jaribio la kemia ambalo maabara yao haina vifaa vya kulifanyia. Mtahiniwa naye hutafuta uchambuzi wa tamthilia usiku wa manane. Kwa mtoto wa mwenye nacho, video inayokwama ni kero tu. Kwa mtoto ambaye mamake amenunua data kwa pesa za mboga, ni hasara. Data ya saa ishirini na nne ikimaliza muda wake, haimsubiri mwanafunzi afike mwisho wa somo.

Rai yangu ni kwamba kujua sababu za video kukwama ni sehemu ya elimu ya msingi ya zama hizi, na yafaa kufundishwa shuleni. Hata hivyo, maarifa hayo hayawezi kumwondolea lawama yule anayeandaa masomo mazito kuliko mtandao tulio nao.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Video ya mtandaoni haiji yote kwa pamoja kama barua ndani ya bahasha. Hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja cha sekunde chache, na kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora wa picha. Programu iliyo kwenye simu huagiza kipande kimoja baada ya kingine, huku ikipima kasi ya mtandao na kuchagua kiwango ambacho inadhani kitafika kwa wakati. Vipande vilivyokwisha kufika lakini havijatazamwa huwekwa akiba. Mfano wake ni mtungi uliowekwa chini ya mfereji huku watu wa nyumbani wakichota. Maadamu maji yanaingia kwa kasi inayolingana na uchotaji, hakuna atakayelala na kiu. Mfereji ukidhoofika kwa muda mfupi, mtungi huwasitiri. Ukidhoofika kwa muda mrefu, mtungi hukauka, na hapo ndipo kiduara huanza kuzunguka.

Kiduara hicho, basi, hakisemi kwamba simu imeharibika, wala hakisemi kwamba kampuni ni mwizi. Kinatueleza jambo moja tu, kwamba mtungi umekauka. Kuuliza sababu ni kazi yetu.

Sababu zaweza kuwa mahali pane: kule video inakotoka, njiani, katika programu, au katika kifaa chenyewe. Kosa la wengi wetu ni kupashambulia pote kwa pamoja. Tunazima simu, tunafuta programu, tunabadilisha laini, tunakigonga kishikwambi kiganjani kama redio ya zamani. Video ikirejea, hatujui ni dawa gani iliyoponya. Ikikwama kesho, tunaanza upya. Mwalimu yeyote wa sayansi atakwambia kwamba jaribio la haki hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo niliweka simu yangu mezani, nikamwambia mpwa wangu tufanye kama yuko maabara. Kwanza, tulifungua video nyingine katika programu ileile. Kama ingecheza vizuri, tungejua kwamba kasoro ni ya ile video ya kwanza au ya mahali ilikohifadhiwa. Nayo ilikwama. Pili, tulifungua somo lilelile katika simu ya dada yangu, kwa kutumia waifai ileile ya nyumbani. Kama lingecheza, tungekishuku kishikwambi. Huko nako likakwama. Tatu, tulizima waifai katika simu hiyo tukatumia data ya laini kwa dakika moja. Mwalimu akaanza kufundisha bila kigugumizi. Majaribio haya matatu hayakuchukua hata dakika kumi, na yalitosha kutuonyesha kwamba programu na kishikwambi havikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa katika waifai ya nyumba yangu.

Hatua iliyofuata ilikuwa hesabu, na ningependa wanafunzi waifuate kwa makini. Kwa mujibu wa mwongozo wa YouTube yenyewe, picha ya kiwango cha 360 huhitaji kasi ya takriban megabiti 0.7 kwa sekunde, ya 720 huhitaji megabiti 2.5, na ya 1080 huhitaji megabiti 5. Tukumbuke kwamba kasi hupimwa kwa biti ilhali data tunayonunua huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Chukua somo la dakika 40, yaani sekunde 2,400. Likitumia megabiti 5 kila sekunde hadi mwisho, litameza megabaiti 1,500. Likitumia 2.5, litameza 750. Likitumia 0.7, litameza 210 pekee. Mwalimu ni yuleyule, maneno ni yaleyale, ubao ni uleule, lakini gharama ya kwanza ni zaidi ya mara saba ya gharama ya mwisho.

Tulipotazama mipangilio ya video, tuligundua kwamba mpwa wangu alikuwa ameilazimisha programu itumie kiwango cha 1080. Alidhani kwamba mishipa ya damu haiwezi kuonekana vyema pasipo hivyo. Kwa kufanya hivyo, aliinyima programu uhuru wa kushuka mtandao unapodhoofika. Tuliteremsha kiwango hadi 360. Mchoro wa moyo ulibaki ukisomeka, na video ikaenda kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, kila baada ya dakika chache kiduara kilirudi. Tulikuwa tumepata kosa moja, lakini halikuwa peke yake.

Tulihamisha kishikwambi karibu na ruta, kwa sababu kuta za mawe hudhoofisha mawimbi. Waifai nyingi za kisasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali lakini husongamana na mawimbi ya majirani, na ya gigahezi 5, ambayo yana kasi zaidi lakini huchoka haraka yakikutana na kuta. Tulijaribu aina zote mbili. Hali haikubadilika. Ndipo nilipomwambia kijana azime kila kifaa kilichounganishwa na waifai ile, kimoja baada ya kingine. Runinga haikuleta tofauti. Simu ya dada yangu pia haikuleta tofauti. Hatimaye alinyoosha mkono kuelekea mezani, akasema kwa adabu, "Mjomba, imebaki yako."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimehudhuria harusi na kupiga picha na video nyingi mno. Nilipofika nyumbani, simu yangu iliitambua waifai ikaanza kuzipandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kuniarifu. Huenda msomaji akashangaa jinsi data inayopanda inavyoweza kuizuia ile inayoshuka. Katika mawasiliano ya intaneti, kifaa kinachopokea data hutuma nyuma risiti za kuthibitisha kwamba imefika. Njia ya kupandia ikijaa picha za harusi, risiti hizo hukwama kwenye foleni, na mtumaji, kwa kukosa uthibitisho, hupunguza kasi. Nilisimamisha upandishaji ule. Mtungi ukajaa. Mpwa wangu alitazama somo lake hadi mwisho bila kusimama hata mara moja, nami nikaufuta ule ujumbe wangu wa hasira kimyakimya.

Sisemi kwamba kila kesi huisha hivyo. Mara nyingine kosa huwa katika programu. Iwapo programu moja inakwama ilhali nyingine zinacheza, ifunge kabisa kisha uifungue upya. Isipopona, futa mabaki yake ya muda kupitia mipangilio ya simu, kisha uisasishe. Hadhari hapa ni muhimu: kufuta mabaki ya muda si sawa na kufuta data yote ya programu. La pili laweza kukuondolea masomo uliyokwisha kuyapakua. Iwapo video inakataa kabisa kufunguka, angalia tarehe na saa ya simu. Jambo hili huwachekesha watu, lakini ni la kweli. Tovuti salama hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na simu inayodhani tuko mwaka mwingine itavikataa.

Mara nyingine mkosaji ni kifaa. Simu iliyojaa picha na nyimbo hadi pomoni haina nafasi ya kuweka akiba ya vipande. Simu iliyowekwa katika hali ya kubana betri au kubana data yaweza kupunguziwa nguvu na mwenyewe kimakusudi, kisha akasahau. Fauka ya hayo, video hufungashwa kwa mitindo mbalimbali ya kuibana, na baadhi ya mitindo hiyo ni mipya kuliko simu nyingi tunazotumia. Mtindo uitwao H.264 ulitoka mwaka wa 2003 na takriban kila simu ya kisasa ina sehemu maalumu ya kuufungua. Ule wa AV1 ulitoka mwaka wa 2018, na simu isiyo na sehemu yake hulazimika kuufungua kwa akili ya jumla. Dalili yake ni kwamba sauti huendelea vizuri huku picha zikirukaruka, nayo simu huwa moto mkononi. Anayeona dalili hizo asiongeze data. Na ateremshe ubora wa picha, aivue simu kava, aiache ipoe.

Kwa wanaotumia data ya laini, nina neno moja kuhusu vile vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mtandao. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi baina ya simu na mlingoti; havipimi idadi ya watu wanaougombea mlingoti huo. Ndiyo maana unaweza kuwa na vijiti vyote saa mbili usiku na video isisonge, ilhali saa kumi alfajiri somo lilelile linashuka upesi. Mwanafunzi mwenye busara hupakua alfajiri na kutazama jioni.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mzigo wote ni wa mwanafunzi. La hasha. Zipo hitilafu ambazo hakuna mwanafunzi awezaye kuzitengeneza. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini Kenya, Tanzania na kwa majirani kadhaa. Siku hiyo hakuna mipangilio ya simu ambayo ingemfaa mtahiniwa. Waliokuwa wamepakua masomo yao mapema ndio waliosoma.

Zaidi ya hayo, tufikirie shule. Tuseme shule ina intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, na mwalimu anawaagiza wanafunzi 40 wafungue video moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja atapata nusu megabiti, nayo haitoshi hata picha ya kiwango cha 360. Darasa zima litatazama kiduara. Mwalimu ataambiwa hajui teknolojia, wanafunzi wataambiwa wameharibu vifaa, na mwalimu mkuu ataombwa anunue vishikwambi vipya. Vifaa vipya vitakwama vilevile, kwa sababu tatizo ni hesabu ya kugawanya.

La kusikitisha ni kwamba suluhisho la hesabu hiyo tulikuwa nalo. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, ulioahidiwa katika kampeni za mwaka wa 2013 na kuanza kutekelezwa mwaka wa 2016, haukuleta vishikwambi peke yake. Uliandamana na vipakatalishi vya walimu, projekta, na kifaa cha kuhifadhi masomo chenye ruta ya kuyasambaza darasani. Wazo lilikuwa kwamba somo likae shuleni, lisafiri mita chache tu hadi kwa mtoto. Video inayotoka katika seva iliyo ndani ya darasa haijali kebo za baharini wala msongamano wa mlingoti. Wazo hilo lilikuwa la hekima kuliko mazoea ya leo ya kumpa mtoto kiungo cha video na kumtakia kila la heri.

Wapo watakaosema kwamba tungoje tu, kwani teknolojia italitatua jambo hili yenyewe. Mitandao ya 5G imefika mijini, na intaneti ya setilaiti inauzwa nchini. Sizidharau hatua hizo. Lakini tuna sababu ya kukumbuka maputo ya Loon, yaliyoanza kutoa intaneti humu nchini Julai 2020 kwa mbwembwe nyingi, kisha mradi ukafungwa mwaka wa 2021. Isitoshe, kila kasi inapoongezeka, waandaaji wa video nao huongeza uzito wa picha, na mtungi hubaki ukikaribia kukauka kama zamani.

Basi nini kifanyike? Kwanza, wanaoandaa masomo, wawe wa serikali au wa mashirika ya kibinafsi, watoe kila somo katika hali tatu: video nyepesi inayoweza kupakuliwa, sauti pekee, na maandishi. Somo la dakika 40 kwa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 19. Hilo hata mwenye simu kuukuu atalimudu. Pili, shule zenye seva zilizofunikwa vumbi ziyaondoe mavumbi hayo na kuzijaza masomo mapya kila mwanzo wa muhula. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, walimu wasitoe kazi ya video pasipo kutaja ukubwa wake, kama vile wasivyoweza kuagiza kitabu bila kutaja bei yake. Nne, mwanafunzi afundishwe yale maswali matatu: je, ni video hii tu, ni kifaa hiki tu, au ni mtandao huu tu?

Naam, maswali hayo si ya simu peke yake. Kijana anayezoea kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja kabla ya kutoa hukumu atayatumia pia maabara, shambani na katika siasa. Jioni ile mpwa wangu alijifunza kuhusu mzunguko wa damu. Mimi, niliyekuwa tayari kuwahukumu watu nisiowajua huku mkosaji akiwa mfukoni mwangu, huenda nilijifunza zaidi yake.